Bunduki ya Kaliba .50: Namna ya Kuamua Kama Inakufaa

Mtu akiniambia anatamani bunduki ya kaliba .50, simuulizi aina wala bei. Namuuliza ataifyatulia wapi. Wengi hunyamaza kidogo, kisha hutaja uwanja ambao hawajawahi hata kuupigia simu. Hapo najua mazungumzo bado machanga.

Mwongozo huu ni wa mtu wa namna hiyo: fedha anazo au anazikusanya, sheria inamruhusu au anadhani inamruhusu, na moyo umeshalipenda lile dude lenye mtutu kama bomba la maji. Sikusudii kumkataza. Nataka apige hesabu kwa mpangilio unaofaa, kwa sababu karibu kila anayejuta alianza na bunduki akamalizia na uwanja, wakati ilitakiwa iwe kinyume chake.

Tuelewane kwanza tunachozungumzia. Kaliba ni upana wa tundu la mtutu, na .50 ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Risasi inayotajwa hapa ni .50 BMG, ile ambayo majeshi huiita 12.7×99. John Browning aliibuni mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia kwa ajili ya bunduki ya rashasha, na rashasha ya M2 inayoitumia iko kazini hadi leo. Kwa hiyo asili yake ni kumimina risasi nyingi kwa mbali. Kupiga risasi moja iende mahali pamoja hakukuwa shabaha ya walioibuni. Wazo la mtu mmoja kuipiga akiwa amelala kifudifudi lilishika kasi baada ya 1982, pale Ronnie Barrett, mpiga picha wa Tennessee asiye na shahada ya uhandisi, alipoanza kuchora bunduki yake. Mwaka 1989 jeshi la Sweden likanunua, na tangu hapo Barrett likawa jina ambalo watu hulitaja wakimaanisha .50 yoyote.

Nguvu yake inahitaji tarakimu ili ieleweke. Risasi ya kijeshi ya 7.62×51 hutoka mtutuni na nishati ya jouli 3,500 hivi. .338 Lapua Magnum hufika karibu 6,500. .50 huanzia kama 17,000 na inaweza kukaribia 20,000. Kichwa chake peke yake kina gramu 42 hadi 52, na risasi nzima, pamoja na ganda na baruti, ina uzito wa gramu 115 hivi. Shika tano mkononi na utahisi umebeba zaidi ya nusu kilo.

Hatua ya kwanza: tafuta uwanja kabla ya bunduki

Chukua karatasi uandike viwanja vyote vya shabaha unavyoweza kuvifikia na kurudi siku hiyo hiyo. Mbele ya kila kimoja andika urefu wake kwa mita, kisha piga simu uulize swali moja: mnaruhusu .50? Jiandae kukatiwa maneno. Viwanja vingi vinaikataa, na si kwa uchoyo. Tuta lililojengwa kuzuia risasi za kawaida huchimbwa haraka na kichwa cha gramu 45. Shabaha za chuma, zinazodumu miaka mingi chini ya kaliba ndogo, hupata mashimo au hupinda. Mpigaji wa njia ya jirani naye hupokea wimbi la hewa usoni kila unapofyatua, na baada ya mara tatu anakwenda kulalamika ofisini.

Chini ya orodha hiyo utabaki labda na uwanja mmoja, na huenda una mita 100 au 200. Hapo nakushauri usimame. Kwa mita 100, .50 haikufundishi kitu ambacho .22 isingekufundisha kwa senti chache. Bunduki hii huanza kuonyesha maana yake kuanzia mita 900, na watu waliozama katika mchezo huu huihesabu kwa mita 1,500 na kuendelea. Uwanja wa chini ya mita 800 maana yake utamiliki gari la mashindano na kuliendesha ndani ya ua wa nyumba.

“Nina shamba,” wengine hunijibu. Vizuri, tulitazame hilo shamba. Risasi ya kawaida ya .50 ikipigwa kwa pembe ya juu inaweza kutua umbali wa karibu mita 6,700. Swali basi si shamba lako lina ukubwa gani, ni nini kilicho nyuma ya shabaha yako mpaka kilomita saba mbele. Kilima kirefu cha udongo laini, kisicho na mwamba wa kurusha risasi pembeni, ndicho kinachokubalika. Vichaka na msitu si kizuizi, na anga tupu ni mbaya kuliko vyote. Tembea kwa miguu hadi nyuma ya kilima ukaone kama kuna njia, zizi au kijumba ambacho hukukijua. Kisha uwaze majirani: mshindo wa bunduki hii husikika mbali sana, na hakuna anayeuzoea.

Ukimaliza hatua hii huna mahali pa uhakika, funga karatasi. Hatua nyingine zote hazitakusaidia.

Hatua ya pili: soma sheria ya ulipo, na ya unakokwenda

Sheria za kaliba hii hutofautiana hata ndani ya nchi moja. Marekani ndiyo yenye wamiliki wengi, na sheria yake ya shirikisho ya 1968 iliweka mpaka kwenye nusu inchi: silaha yenye mtutu mpana zaidi ya hapo, isiyotambuliwa kuwa ya michezo, huingia kundi la vifaa vya maangamizi, pamoja na usajili na kodi yake. .50 BMG imesimama juu ya mstari huo bila kuuvuka, kwa hiyo kwa shirikisho ni bunduki ndefu ya kawaida. Bunduki ya milimita 20 imeshauvuka.

Majimbo ni hadithi nyingine. California ilizipiga marufuku .50 BMG kuanzia 2005, New Jersey ikafuata 2022, Illinois 2023. Kote huko waliokuwa nazo kabla ya sheria waliwekewa masharti yao. Ndiyo maana kaliba kama .416 Barrett zina wapenzi: nguvu zao zinakaribia, ila kipenyo kiko chini ya mpaka ulioandikwa.

Uingereza nayo ilitoa funzo. Mwaka 2018 muswada wa serikali ulitaka kuzuia bunduki zenye nishati ya zaidi ya jouli 13,600, mpaka ambao ungeikamata .50 bila kuitaja. Kipengele hicho kiliondolewa baada ya mjadala, lakini wamiliki walikaa miezi wakiwa hawajui kama mali yao itakuwa halali mwakani. Mtu anayenunua kaliba hii anunue pia uwezekano huo. Uliza wazi: sheria ikibadilika, nitaruhusiwa kubaki nayo, kuiuza, au kuisalimisha? Na nikihamia jimbo au nchi nyingine, inahama nami?

Usitegemee jibu la muuzaji. Simaanishi wanadanganya, wengi wanajua sheria ya kuuza vizuri zaidi kuliko sheria ya kusafirisha, kuhifadhi na kurithisha. Nenda kwenye ofisi inayotoa vibali, au kwa mwanasheria wa mambo ya silaha, na jibu ulipate kwa maandishi.

Hatua ya tatu: hesabu risasi, usihesabu bunduki

Bunduki unailipia mara moja. Risasi unazilipia mpaka uchoke, na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Risasi moja ya .50 iliyotengenezwa kwa ajili ya shabaha huuzwa kwa bei ya risasi kadhaa za 6.5 Creedmoor, kaliba ndogo ya shabaha za mbali. Sitaji fedha kwa sababu bei hupanda na kushuka, lakini uwiano huo haujabadilika sana miaka yote niliyofuatilia.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Siku utakazoweza kwenda uwanjani kwa mwaka, kwa ukweli wa maisha yako, si kwa matumaini ya Januari. Zidisha kwa risasi 20 kwa siku, ambazo kwa kaliba hii zinatosha kumchosha mtu. Zidisha kwa bei ya risasi moja ya shabaha. Zidisha tena kwa miaka mitano. Tarakimu utakayoipata ndiyo bei halisi ya bunduki. Ile iliyoandikwa kwenye kibandiko dukani ni kiingilio.

Hapa watu hutafuta njia ya mkato, nazo ni mbili.

Ya kwanza ni risasi za ziada kutoka maghala ya jeshi. Ni nafuu, na zinatoa mshindo ule ule. Tatizo ni kwamba zilitengenezwa kwa ajili ya rashasha, ambako kutawanyika kidogo hakumsumbui mtu. Kwa mita 1,000, kosa la dakika moja ya pembe, yaani sehemu moja ya sitini ya digrii, ni sentimita 29. Risasi hizi mara nyingi hutawanyika dakika mbili au tatu, yaani karibu mita nzima. Umenunua bunduki ya kupiga kwa mbali, kisha umeilisha chakula kisichojua kwenda mbali pamoja. Kuna pia zile za kutoboa chuma na za kuwasha moto, ambazo viwanja huzikataa kwa sababu nyasi kavu huwaka na shabaha hutoboka. Tena asili ya risasi kuukuu haijulikani. Mwaka 2021 huko Marekani bunduki moja ya .50 ililipuka mbele ya kamera baada ya kupigwa risasi kuukuu ya kijeshi ya aina adimu. Kipande cha chuma kilimpasua mpigaji mshipa wa shingo, akapona kwa bahati na kwa kidole cha kuziba jeraha. Risasi usiyojua imetoka wapi, imelala wapi na imeguswa na nani, iache sokoni.

Njia ya pili ni kujaza maganda mwenyewe. Hii ni ya heshima, na karibu kila mpigaji makini wa .50 ameishia hapo. Lakini fahamu ukubwa wa kazi. Kilo moja ya baruti inayojaza zaidi ya risasi 350 za 6.5 Creedmoor haifikishi 70 za .50. Mashine ya kawaida ya kujazia haina nafasi ya ganda lenye urefu wa milimita 99. Unahitaji kubwa, vifaa vyake vya kubadili umbo la ganda vikubwa, fataki zake maalumu, na mizani unayoiamini. Ganda la shaba linachukua nguvu za mkono kulishindilia, na asiye na uzoefu wa kaliba ndogo asianzie hapa. Unaokoa fedha kwa kila risasi, kweli, lakini kwanza unanunua karakana.

Hatua ya nne: orodhesha kila kinachoizunguka

Hii naipitia haraka, maana ni orodha ya ununuzi tu, ila usiiruke.

Darubini ndiyo kubwa. Inatakiwa istahimili teke la bunduki linalokwenda nyuma na kurudi mbele kwa sababu ya breki ya mdomo wa mtutu, kile kifaa cha kupunguza teke, na iwe na nafasi ndefu ya kupandisha mlengo. Darubini za kawaida za uwindaji huishiwa na kipimo kabla hujafika mita 1,500. Wengi huweka pia kitako cha darubini kilichoinamishwa kwa makusudi ili kuongeza nafasi hiyo. Usishangae darubini ikikaribia bei ya bunduki, na usishangae kuona mtu mwenye bunduki ya kifahari na darubini ya kubahatisha, akilaumu upepo.

Halafu kuna uzito. Barrett M82A1 ina kilo 14 hivi na urefu wa karibu mita 1.45. Za risasi moja moja, kama M99 ya kampuni hiyo hiyo, ni nyepesi kidogo, kilo 11 hivi. Ongeza darubini, sanduku na risasi 100, ambazo peke yake ni zaidi ya kilo 11. Pima kabati lako la silaha: mengi hayana kimo hicho. Pima na gari. Pima na mgongo wako, hasa kama kutoka maegesho hadi mahali pa kulala ni mwendo wa dakika kumi.

Na masikio. Kelele ya ghafla ya desibeli 140 tayari inaweza kumharibu mtu usikivu, na .50 yenye breki huipita mbali, maana breki inayokuokoa bega inakurudishia mshindo pembeni na nyuma. Vaa vizibo ndani ya masikio na vifuniko juu yake, vyote viwili, kila risasi, wewe na kila aliyesimama karibu.

Hatua ya tano: sema kwa sauti unaitakia nini

Hapa ndipo watu hujidanganya, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kama jibu ni uwindaji, achana nayo. Si suala la nguvu. Kwa umbali wa mita 1,800 risasi ya .50 huchukua zaidi ya sekunde tatu kufika. Mnyama anayetembea polepole, mita moja na nusu kwa sekunde, atakuwa amesogea zaidi ya mita nne wakati risasi ikiwa angani. Hakuna ustadi wa kulenga unaofidia uamuzi wa mnyama wa kuinua mguu. Kwa umbali mfupi, ambako ungeweza kumpiga kwa hakika, huihitaji kilo 14. Watu huchanganya pia mambo mawili: kaliba kubwa za kuwindia wanyama wakubwa, kama .416 Rigby au .458 Lott, zimeundwa kwa ajili ya mita chache, risasi nzito isiyokimbia sana. Zina upana, hazina safari ndefu.

Kama jibu ni ulinzi wa nyumba, sitapoteza aya. Risasi inayopita nyumba yako, ya jirani na ya jirani yake si ulinzi.

Kama ni mali ya kuhifadhi thamani, fikiria nani atainunua kwako. Wanunuzi ni wachache, sheria inaweza kuwapunguza zaidi, na usafiri wake ni mzigo. Zipo zilizopanda bei, hasa za matoleo adimu, ila kulitegemea hilo ni kucheza kamari yenye uzito wa kilo 14.

Kama ni mashindano, kuna jambo la kuchekesha kidogo. Kwenye King of 2 Miles, mashindano ya Raton, New Mexico, ambako shabaha ya mwisho hukaribia mita 3,200, kaliba zilizoonekana mara nyingi juu ya jedwali ni za familia ya .375 na .416, zikipigwa na vichwa vilivyochongwa kutoka shaba tupu kwa mashine. .50 ipo, lakini si mfalme. Sababu ni ya kifizikia. Kinachoifikisha risasi mbali ni umbo jembamba na refu linalopasua hewa vizuri, pamoja na kasi ya kutosha kuichelewesha isishuke chini ya kasi ya sauti, pale inapoanza kuyumba. Upana peke yake hausaidii. Kaliba ndogo kidogo yenye kichwa kirefu inaweza kuishinda bila kuhangaika.

Hata rekodi za vitani zinasema hivyo hivyo ukizisoma kwa utulivu. Ile ya Carlos Hathcock huko Vietnam mwaka 1967, karibu mita 2,286, ilipigwa kwa rashasha ya .50 iliyofungwa darubini, na ilidumu miaka 35. Mwanajeshi wa Kanada akaivuka 2002 Afghanistan kwa .50. Mwaka 2009 Mwingereza akampita kwa .338, kaliba ndogo kuliko ya wote wawili. Kisha Kanada ikarudi na .50 mwaka 2017 huko Iraki, mita 3,540. Nyuma ya masafa hayo kulikuwa na wasaidizi wa kupima upepo, vifaa, mafunzo ya miaka, na risasi za majaribio ambazo hazikutajwa kwenye vichwa vya habari. Anayekuuzia bunduki kwa kukutajia rekodi anakuuzia kazi ya watu wengine.

Linabaki jibu moja ambalo watu huona aibu kulitoa: naipenda tu. Nataka kuihisi ikifyatuka, nataka kuona vumbi likiruka kilima cha pili. Hilo ni jibu halali kabisa, na ni bora kuliko visingizio vyote vilivyotangulia, kwa sababu linakuwezesha kuuliza swali linalofuata bila kujificha: nitaipenda hivyo kwa mwaka wa tatu? Nina rafiki ambaye ya kwake ilipigwa risasi 31 kwa miaka sita. Anajua idadi kwa sababu maganda yote yako juu ya rafu sebuleni.

Hatua ya sita: ilinganishe na wadogo zake

Upepo ndio hakimu wa masafa marefu, basi tuulize upepo. Chukua upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa na shabaha iliyo mita 900 na ushei. Risasi ya .308, ile ya kawaida ya shabaha, itasukumwa pembeni zaidi ya mita mbili na nusu. 6.5 Creedmoor kama mita mbili. .338 Lapua mita moja na kitu. .50 yenye kichwa kizuri, karibu mita moja.

Kwa hiyo ndiyo, .50 inausamehe upepo kuliko wote. Lakini tazama tofauti kati yake na .338, kisha tazama tofauti ya uzito, ya bei ya risasi na ya idadi ya viwanja vitakavyokupokea. Mimi naona .338 Lapua, au .300 Winchester Magnum kwa mwenye uwanja usiozidi mita 1,300, inampa mtu sehemu kubwa ya kile alichokuwa anakitafuta kwenye .50. Mwenye uwanja wa mita 1,000 na nia ya kujifunza, nampa 6.5 Creedmoor bila kusita. Teke lake ni dogo, na anaona risasi yake ikitua. Anapiga 80 kwa siku badala ya 20, na kila moja ni somo.

Na kuna .22, ambayo watu huidharau. Ipige kwa mita 200 siku ya upepo na itakuonyesha makosa yako yote kwa bei ya peremende. Risasi yake hafifu husukumwa na kila pumzi ya hewa. Wapigaji wazuri wa masafa marefu ninaowajua, karibu wote wanayo moja kabatini, imechakaa.

Kipimo changu, na ni changu tu: chukua bunduki uliyo nayo au ya kuazima, kaliba yoyote inayofika, uwanja wa mita 800, bamba la sentimita 60. Piga risasi moja tu ya kwanza, bila ya kujaribia, katika siku kumi tofauti. Ukipata saba, wewe ndiye utakayeifaidi .50, kwa sababu kikwazo chako sasa ni kaliba. Ukipata tatu, kikwazo ni kusoma upepo na kufyatua bila kushtuka, na .50 itavificha hivyo nyuma ya moshi.

Hatua ya saba: ipige ya mtu mwingine

Tafuta klabu au mmiliki, lipia risasi zake, upige angalau kumi. Chini ya hapo utabaki na msisimko, na msisimko hauna habari ndani yake. Risasi mbili za kwanza utacheka. Ya tano utaanza kutambua vumbi linaloingia machoni, kichwa kuuma kidogo, bega kusukumwa. Kwa bunduki nzito yenye breki, teke lenyewe si la kutisha. Wengi hulifananisha na bunduki ya marisawa. Kinachochosha ni mshindo. Kufikia ya nane, mwambie mwenzako aitie ganda tupu bila wewe kujua, kisha uangalie mtutu unapovuta kifyatulio. Ukichomoka kwenda chini, mwili umeshaanza kuogopa, na kila risasi utakayoinunua baada ya hapo unailipia kufundisha woga.

Angalia pia kama bado unataka kupiga ya kumi na moja. Hilo linasema zaidi ya hesabu zangu.

Hatua ya nane: ukiamua ndiyo

Anza na ya risasi moja moja au ya bolti, ile unayoivuta kwa mkono kila baada ya risasi. Ya kujipakia yenyewe ni nzito, ina vipande vingi vinavyocheza, na mara nyingi hutawanya zaidi. Faida yake ni risasi ya pili ya haraka, kitu ambacho kwenye shabaha ya karatasi hukihitaji. Ikiwa imetumika, omba kutazama koo la mtutu, pale risasi inapoanzia safari, kwa kamera ndogo ya kuchungulia, maana hapo ndipo joto la baruti hulamba kwanza, na uulize ililishwa risasi gani. Mmiliki aliyejaza mwenyewe akuonyeshe daftari lake. Asiye na daftari, punguza bei au ondoka.

Watatu au wanne wa klabu moja kumiliki kwa pamoja ni wazo zuri pale sheria inaporuhusu, ingawa katika sehemu nyingi kibali hufungwa kwa jina la mtu mmoja, na hapo itabidi mmoja awe mwenye mali na wengine wageni wake.

Kabla hata ya kuilipia, agiza risasi 100 za shabaha za shehena moja, namba moja ya kiwandani. Zikikosekana sokoni au zikakuchukua miezi kufika, umepata taarifa muhimu kuliko zote, na bado fedha ya bunduki iko mfukoni.